Mficha Uchi Hazai

Friji yetu ni ndogo, ya mlango mmoja, na kwa miezi saba sasa rafu yake ya juu imekuwa yangu. Chini kuna maziwa na nyanya. Juu, ndani ya kopo la plastiki lililowahi kuwa la siagi, kuna vichupa vya dawa na sindano. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alfajiri, kabla ya kwenda shuleni ninakofundisha, hubana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili nikajidunga uniti 2,000. Haiumi sana. Siafu wa shamba la mama yangu kule Wundanyi wamewahi kuniuma zaidi.

Mwezi wa nane Mama alikuja Mombasa kupimwa macho. Siku ya pili akafungua friji kutafuta maji baridi, akaliona lile kopo. Mama si mtu wa kuona kifuniko akaacha kukifunua. Akatoa kichupa kimoja, akakisogeza karibu na miwani, akasoma herufi alizoweza kusoma, kisha akamgeukia mke wangu.

"Kumbe umeanza matibabu, mwanangu. Mungu asifiwe. We usikate tamaa, hata Sara alizaa uzeeni."

Mke wangu alikuwa akikatakata vitunguu. Aliniangalia mara moja tu. Mimi nikaangalia simu yangu, ambayo haikuwa na ujumbe wowote.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Tunajaribu."

Jambo hilo halijanitoka kichwani tangu siku ile. Mimi sikusema neno. Ukitaka kuhesabu maneno, aliyesema uongo ni mke wangu. Lakini moyoni najua kwamba mwongo jikoni mle alikuwa mmoja, naye ni yule aliyenyamaza. Sasa mtu hudanganyaje bila kufungua mdomo? Na je, mgonjwa hana haki ya kuficha ugonjwa wake?

Tumeoana miaka sita. Kwa miaka mitano ya kwanza, aliyekuwa akitibiwa ni yeye. Alipigwa eksirei huku dawa ikisukumwa ndani ya mirija ya uzazi ili waone kama imeziba. Siku hiyo alirudi nyumbani amejikunja. Alikunywa mizizi ya kuchemsha ambayo shangazi yangu alikuwa akiileta kwenye chupa za soda. Aliwekewa mikono akaombewa. Vipimo vyake vyote vilirudi vizuri. Na kila daktari alipomwambia aje na mumewe, mume alikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Sikuwahi kukataa. Nilikuwa na shughuli tu. Hata lugha yetu ilinisaidia kujificha: ukisema tasa, watu humwona mwanamke. Neno mgumba lipo, nalo linaweza kumbeba mwanamume pia, ila sijawahi kusikia mwanamume akitupiwa neno hilo harusini au matangani. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani. Lilisema mtu, halikusema mwanamke. Lakini mtaani kwetu mzigo wote huo hutwikwa upande mmoja.

Mwaka wa tano nikaanza kuchoka. Nililala nimechoka, nikaamka nimechoka, hamu ya mke ikapungua, misuli ikalegea. Jamaa mmoja tuliyekuwa tukinyanyua vyuma pamoja akaniambia, "Mwalimu, hizo ni homoni tu. Nitakupangia." Na kweli akanipangia. Kwa miezi 11 nilidungwa testosteroni ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Ilifanya kazi, hilo sitalikana. Kifua kikajaa, usingizi ukarudi, kitandani nikawa kijana. Sikuwahi kujiona mwanamume kamili kama miezi ile. Na ni kiburi hicho hicho kilichonifanya hatimaye nikubali kwenda kupimwa, maana niliamini nitarudi na karatasi ya kujisifia.

Mbegu: sifuri.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo hutuma homoni mbili kwenye korodani. Ya kwanza, LH, huziambia zitengeneze testosteroni. Ya pili, FSH, husaidia kukuza mbegu. Ubongo nao hupima kila mara kiasi cha testosteroni kilichomo kwenye damu. Ukiimwaga kutoka nje, ubongo huona ipo tele, ukaacha kutuma maagizo. Korodani hukosa kazi, zikalala, hata zikasinyaa. Damuni testosteroni imejaa, lakini ndani ya korodani zenyewe, ambako mbegu huihitaji kwa wingi zaidi, imekauka. Yaani kile kilichonifanya nionekane dume ndicho kilichonizima.

Nikauliza kama kabla ya sindano za jimu nilikuwa mzima. Hakuweza kuniambia. Katika miaka mitano ile hakukuwa na kipimo changu hata kimoja cha kulinganisha.

Aliniachisha testosteroni, akaniandikia hCG. Homoni hii inafanana sana na LH, kiasi kwamba korodani huipokea kana kwamba ni agizo kutoka kwa ubongo, zikaamka. Lakini si dawa ya haraka. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kuundwa, kwa hiyo unajidunga, unangoja, unapimwa, unangoja tena. Nikamuuliza inatoka wapi. Akacheka.

"Kwa wajawazito," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikaenda kusoma. Mwaka 1927 huko Berlin, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waliona kwamba panya wachanga wa kike wakidungwa mkojo wa mjamzito, ovari zao huamka kabla ya wakati. Hicho kikawa kipimo cha mimba. Baadaye wengine wakatumia chura wa kusini mwa Afrika, ambaye akidungwa mkojo huo hutaga mayai. Homoni yenyewe hutoka kwenye kondo, tangu siku za mwanzo kabisa, kuuambia mwili wa mama usiitupe mimba. Uholanzi, tangu miaka ya 1930, wajawazito walijitolea mkojo wao katika mpango ulioitwa Moeders voor Moeders, yaani Mama kwa Mama. Mkojo ulikusanywa nyumbani kwao, ukasafishwa, ikatoka dawa ya kuwasaidia wanawake wasioshika mimba. Siku hizi iko pia aina inayotengenezwa maabara, lakini karatasi iliyo ndani ya boksi langu inasema wazi kwamba yangu imetokana na mkojo.

Kwa hiyo Mama hakukosea sana. Dawa ile ile hudungwa mwanamke ili yai lililokomaa liachiliwe. Alichokosea ni mwenye dawa tu.

Hebu fikiria, basi. Ule uanaume nilioulinda miaka mitano kwa visingizio vya mitihani, leo unaamshwa mara tatu kwa wiki na mkojo wa wanawake wenye mimba, wanawake nisiowajua, wasiojua kama mimi niko. Nilipolielewa hilo niliona aibu. Baadaye aibu ikageuka kitu kingine, karibu na shukrani. Mwalimu mwenzangu, mtu wa dini, aliponisikia nikizungumzia matibabu haya kana kwamba ni ya mtu mwingine, alisema kuzaa kwa sindano ni kumlazimisha Mungu. Nikamwangalia. Alikuwa amevaa miwani. Sioni kwa nini tezi iliyolala iwe siri ya Mungu zaidi ya jicho lililofifia. Kinachonisumbua si kwamba nimepokea msaada. Kinachonisumbua ni nani alinilipia nilipokuwa bado nasitasita kuupokea.

Jibu la swali hilo nilionyeshwa chooni. Mke wangu alikuwa na vipimo vya mimba vilivyobaki kwenye droo, vile vya mistari. Vipimo hivyo hutafuta hCG kwenye mkojo, hakuna kingine. Jioni moja, nikiwa nimejidunga jana yake, akaniambia kwa mzaha, "Hebu jaribu wewe." Nikajaribu. Tukasimama pale kwenye sinki kama watoto wanaongoja keki. Mstari wa kwanza ukatokea. Halafu wa pili, hafifu lakini upo.

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha kicheko kikabadilika.

"Miaka sita nautafuta mstari huo," akasema. "Umeupata wewe."

Nilijaribu kumwomba msamaha kwa yale ya jikoni, kwamba alinibebea aibu mbele ya Mama. Akafuta uso kwa leso, akasema, "Mimi nimeshazoea." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali langu. Mgonjwa ana haki ya siri, hilo sina shaka nalo. Hakuna sheria ya utu inayomtaka mtu azima amweleze mamake habari za korodani zake. Kama Mama asingefungua friji, au kama angefungua akauliza tu, "Hii ni dawa ya nani?" na mimi nikajibu, "Ni mambo yetu, Mama," ingebaki siri na isingemdhulumu yeyote. Lakini Mama hakuuliza. Alitamka hukumu, akamtaja mhukumiwa, na mhukumiwa alikuwa mtu mwingine. Tangu hapo kunyamaza kwangu hakukuwa tena kufunga mlango wa chumba changu. Nilikuwa nimemfungia mwenzangu ndani ya chumba kisicho chake.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mke wangu alikubali mwenyewe. Sikumkonyeza wala sikumkanyaga mguu chini ya meza. Kweli. Lakini ridhaa ya mtu aliyezoea kulaumiwa ni ya namna gani? Angesema, "Si yangu, Mama, ni ya mwanao," angekuwa mke anayemvua mumewe nguo mbele ya mamake. Angenyamaza, angekuwa tasa. Njia zote mbili aliyepoteza ni yeye, akachagua ile iliyoniacha mimi nimevaa. Huo haukuwa uamuzi huru. Mimi peke yangu jikoni mle ndiye niliyekuwa na njia ya kusema kweli bila kumdhuru mwingine, na nikaangalia simu.

Wazee wetu walijua habari hizi kuliko tunavyodhani. Walisema kitanda hakizai haramu, na watu huisifu methali hiyo kwa kumlinda mtoto. Inamlinda kweli. Lakini inamlinda pia mume: chochote kitakachozaliwa kitandani pake ni chake, na hakuna atakayeuliza zaidi. Siri ya mwanamume imetungiwa methali. Ya mwanamke imetungiwa jina.

Walisema pia mficha uchi hazai. Nimewafundisha wanafunzi methali hiyo miaka mingi, nikiwaeleza kwamba maana yake ni kuwa mwenye shida asiione haya kutafuta msaada. Nilikuwa nikisema hivyo huku nikiwa mfano wake. Sasa nadhani kuna maana nyingine. Wako wanaoficha uchi wao kwa nguo ya mwenzao. Hao hawakosi mtoto tu. Humwacha mwenzao uchi.

Majibu ya mwezi wa sita yalitoka: milioni 4 kwa kila mililita. Kipimo cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hulinganisha nacho ni milioni 16. Ni kidogo, lakini si sifuri, na daktari akasema tuendelee. Nilitamani kungoja. Nilijiambia kwamba mimba ikishika, nitamwambia Mama yote, tucheke, tumalize. Kisha nikaona ujanja uliokuwemo. Ukweli unaosemwa baada ya kufaulu haumgharimu msemaji kitu, unakuwa ni hadithi tu ya kujipamba. Na kama mimba haitashika kamwe? Basi mke wangu abaki chumbani mle hadi lini?

Jumapili iliyopita nilimpigia Mama baada ya ibada. Mke wangu alikuwa jikoni, nikaweka simu kwenye spika ili asikie. Nilisema kwa kifupi, kwa sababu nilijua nikirefusha nitaanza kujitetea. Nikasema, Mama, dawa uliyoiona kwenye friji ni yangu. Tatizo liko kwangu. Yeye hana tatizo lolote, na hajawahi kuwa nalo. Uliposema yale maneno nilinyamaza, na nilikosa.

Mama alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Nikasikia jogoo wake.

"Ile mizizi ya shangazi yako," akasema mwishowe, "alikunywa miaka mingapi?"

"Miwili, Mama."

Akanyamaza tena.

"Mpe simu mwanangu," akasema. "Na uitoe hiyo spika."