Dau la Chuma na Popo

Nilikuwa shahidi wa dau lile. Waliniletea karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule, wote wawili wakatia sahihi juu ya kaunta yangu ya pembejeo, nami nikatia ya kwangu chini yao. Nikaikunja mara nne na kuiweka kwenye droo, pamoja na daftari la madeni. Nilidhani ni mchezo wa vijana. Laiti ningeichana siku ile ile.

Anayepita Gairo kwa basi la Dodoma huiona kwa dakika chache tu: upepo, vumbi, malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu, akina mama wanaokimbilia madirisha ya basi na beseni kichwani. Maisha yenyewe yako nyuma ya stendi. Huko ndiko lilikokuwa banda la ndugu wawili hawa, kibanda umiza kama vilivyo vingi nchini: mabati juu na pembeni, mabenchi yasiyo na egemeo, turubai zito mlangoni la kuzuia mwanga. Kiingilio shilingi 300. Ukiingia saa nane mchana, mwezi wa Oktoba, joto la mabati linakupiga kifuani, na bado hutoki mpaka stelingi amalize kazi yake.

Mama zao ni dada wa tumbo moja. Kwetu Wakaguru ukoo hupita kwa mama, kwa hiyo hawa ni kaka na mdogo wake hasa, chini ya mjomba mmoja. Walilima pamoja huko Chakwale, mahindi na alizeti. Magunia waliyoyapeleka sokoni Kibaigwa kwa misimu miwili ndiyo yaliyonunua televisheni, spika na king'amuzi. Mjomba akatoa kiwanja. Mkubwa, ambaye ni fundi wa kuchomelea, akaunga mwenyewe fremu ya banda, mlango na miguu ya mabenchi. Mdogo, dereva wa bodaboda, ndiye aliyekuwa akifuata muvi mpya mjini Morogoro na kurudi na flashi mfukoni.

Watu waliwaita Chuma na Popo. Majina hayo yalitokana na muvi mbili zilizotoka mwaka mmoja, 2008. Fundi aliipenda Iron Man, ya yule mtu aliyefungiwa pangoni akajitengenezea vazi la chuma kwa vyuma chakavu na moto. Nani katika Gairo angemwelewa vizuri zaidi kuliko mchomeleaji? Mdogo wake, mtu wa kupakia abiria usiku, aliipenda The Dark Knight, ya Batman, mtu popo anayelinda mji wakati wenzake wamelala. Ya kwanza ni ya kampuni ya Marvel, ya pili ni ya kampuni ya DC. Ubishi wao wote ulianzia hapo, na kwa miaka mingi ulikuwa ubishi mtamu. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nikifunga duka mapema ili niusikilize.

Nakumbuka siku walipoonyesha Black Panther. Banda lilijaa hadi watu wakakaa chini. Mtafsiri alikuwa akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi ambayo Lufufu aliivumisha nchini hata ikawa na wapenzi wake kuliko muvi zenyewe. Popo mwenyewe, shabiki wa DC, ndiye aliyesimama kuwaeleza watu kwamba yule dada ni Lupita Nyong'o wa Kenya, na kwamba Februari 2018 muvi ile ilizinduliwa pia Kisumu, kwenye kaunti ambayo gavana wake alikuwa baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o. Ikafika pale mfalme kijana anapozikwa mchangani na kwenda kuonana na marehemu baba yake, katika nchi ya wazee waliotangulia. Mzee mmoja aliyeketi benchi la mbele, mtu wa matambiko, akavua kofia yake taratibu akaiweka gotini. Hakuna aliyecheka. Siku ile hakuna aliyeuliza muvi imeingiza dola ngapi.

Swali la dola lilikuja baadaye, nalo ndilo lililoharibu kila kitu. Sijui nani alianza. Nilichokiona ni kibao cheusi kilichotundikwa mlangoni, mahali walipokuwa wakiandika ratiba, kimegawanywa kwa mstari wa chaki. Upande mmoja Marvel, upande wa pili DC, na chini yake tarakimu. Chuma aliandika Avengers: Endgame ya 2019, karibu dola bilioni 2.8. Popo akajibu kwa Joker ya mwaka huo huo, iliyotengenezwa kwa gharama ndogo ikapita bilioni 1, na iliyompa Joaquin Phoenix tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Chuma akaongeza Black Panther, zaidi ya bilioni 1.3. Popo akaleta Aquaman, bilioni 1 na ushei.

Nikimwuliza mtu kwa nini anaipenda hadithi, akanijibu kwa mapato yake, najua ameacha kuitazama. Ndivyo walivyokuwa. Muvi ikiendelea, Chuma alikuwa amekaa nyuma karibu na swichi, uso wake umeangazwa na simu, anatafuta takwimu za wiki ile. Tukio alilokuwa akilisimulia zamani kwa mikono miwili lilipita mbele yake bila yeye kuinua macho.

Na tazama walichokuwa wakikigombea. Mapato yanayotajwa ni ya tiketi zilizouzwa kwenye kumbi za sinema. Gairo haina ukumbi wa sinema. Muvi zetu zilikuja zimenakiliwa kwenye flashi. Katika mabilioni yote yaliyoandikwa kwenye kibao kile, shilingi 300 ya mtoto wa Gairo haimo hata moja.

Juni 2023 ikatoka The Flash, ya DC. Popo alikuwa ameitangaza banda zima kwa miezi. Ikaanza vibaya. Chuma hakumwachia nafasi ya kupumua. Kila jioni alibadilisha tarakimu kwa chaki na kusoma kwa sauti. Popo akapandwa na hasira, akamwambia kaka yake angoje Novemba, itakapotoka The Marvels, ndipo waone nani ataaibika. Basi wakawekeana dau. Ambaye muvi yake itaingiza kidogo kati ya hizo mbili ataacha sehemu yake ya televisheni, spika na king'amuzi. Hiyo ndiyo karatasi waliyoniletea.

Miezi ile mitano ilikuwa mirefu. Wateja waligawanyika, wa Marvel benchi za kulia, wa DC za kushoto. Watoto waliokuwa wakigawana miwa wakaanza kurushiana maganda. Chuma akaacha kupanda pikipiki ya mdogo wake. Nilimwona akitembea kwa miguu juani na mtungi wa gesi begani. Mwezi wa Oktoba, wakati wa kusafisha mashamba, kila mmoja alikwenda Chakwale siku yake.

Mjomba akawaita, na kikao kikafanyika kwenye kibaraza changu. Wakamwamkia, akaitikia, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Wapwa zangu, mimi nina mtani. Ananitukana mchana mbele ya watu, namtukana. Lakini siku nikifa, ndiye atakayekuja kuchimba kaburi na kusimamia msiba wangu. Hao mnaotukaniana, nani kati yao atakuja?”

Chuma alitazama chini. Popo akasema, kwa heshima lakini kwa shingo ngumu, “Mjomba, tumeshaandikiana.”

Mjomba akanitazama mimi. Nilikuwa na karatasi hatua tatu kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na sikuinua mguu. Nilijiambia kwamba dau ni la watu wazima wawili na shahidi hana haki ya kulivunja. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Shahidi alikuwa na haki hiyo. Alikosa ujasiri.

The Marvels ilitoka Novemba 10. Ikaanguka kuliko muvi yoyote ya Marvel katika mfululizo ule ulioanza na Iron Man: takriban dola milioni 206 dunia nzima. The Flash ilikuwa imepata takriban milioni 270. Popo akashinda. Alipiga honi ya pikipiki kuzunguka stendi yote.

Lakini zote mbili zilikuwa hasara. Kila moja iligharimu zaidi ya dola milioni 200 kuitengeneza, kabla ya matangazo, na fedha ya tiketi hairudi yote kwa mtengenezaji. Kumbi za sinema nazo hubaki na fungu lao kubwa. Huko Marekani wenye kampuni walikuwa wakihesabu walichopoteza, na hapa Gairo mtu alikuwa akishangilia.

Popo akaja na bajaji kuchukua vitu. Televisheni, spika, king'amuzi, vyote kama ilivyoandikwa. Chuma hakusema neno. Alipoona bajaji imeondoka, akaleta spana zake, akaanza kufungua nati za banda moja baada ya nyingine, kwa sababu fremu haikuandikwa kwenye dau, mlango haukuandikwa, wala mabenchi. Ilipofika magharibi pale nyuma ya stendi palibaki mashimo manne na alama za miguu ya mabenchi kwenye udongo. Mmoja ana televisheni bila nyumba ya kuiweka. Mwingine ana nyumba bila televisheni.

Hiyo ilikuwa Desemba. Januari 2024 ikaja AFCON ya Ivory Coast, na Taifa Stars ikiwamo. Mwenye kibanda yeyote anajua maana yake: mwezi mmoja wa kuvuna. Usiku wa Januari 21, tulipocheza na Zambia, nilikwenda banda la ng'ambo ya barabara. Lilifurika. Nikamwona Chuma amesimama upande mmoja wa mlango, amelipa kiingilio kama sisi wengine. Popo alikuwa upande wa pili. Dakika ya 11 Simon Msuva akafunga. Gairo nzima ikaruka, nao wakaruka, mikono juu, na katika kugeuka kutafuta mtu wa kumkumbatia wakaonana uso kwa uso. Kwa muda mfupi sana nilidhani imekwisha. Kisha Popo akainamisha kichwa, na Chuma akarudi kuitazama skrini. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha, nikatoka nje.

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za kampuni hizo mbili, nitafute huo uadui wao uko wapi. Sikuuona. Mwaka 1976, kabla sisi hatujajua hata televisheni, Marvel na DC walitoa kwa pamoja kitabu kimoja, Superman na Spider-Man jalada moja. Mwaka 1996 wakashirikiana tena, safari hii wakiwaachia wasomaji wapige kura nani ashinde baadhi ya mapigano. Mwisho wa mwaka huo huo Marvel iliomba kinga ya ufilisi mahakamani. Miaka kumi na mitatu baadaye Disney wakatangaza kuinunua kwa dola bilioni 4. Ben Affleck alikuwa Daredevil wa Marvel mwaka 2003, kisha Batman mwaka 2016. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, ameigiza kote kuwili. James Gunn, aliyewatengenezea Marvel Guardians of the Galaxy, alikabidhiwa pamoja na mwenzake uongozi wa DC Studios kuanzia Novemba 2022. Yaani wakati ndugu hawa wanatia sahihi kwenye kaunta yangu, mtu wa Marvel alikuwa tayari miezi saba kwenye kiti cha DC.

Nilimwonyesha Popo hayo kwenye simu, akiwa ameketi juu ya pikipiki akingoja abiria. Akasoma mpaka mwisho. Akaniomba nimsomee tena lile la vijana wawili waliomtunga Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, marafiki tangu shule huko Cleveland, waliouza haki zao zote mwaka 1938 kwa dola 130. Akauliza, “Waligombana?” Nikamwambia hapana, walidai haki yao pamoja miaka mingi. Akawasha pikipiki akaenda.

Televisheni iko chumbani kwake, imefunikwa kwa shuka. Fremu ya banda imeegemezwa ukutani kwenye karakana ya Chuma. Ameikataa bei ya kila aliyetaka kuinunua. Shamba la Chakwale linalimwa nusu, na kwenye nusu iliyobaki magugu yamefika kiunoni. Mama zao bado wanapelekeana unga na mboga, kila mmoja akipita njia ya nyuma ili wanawe wasimwone.

Karatasi ninayo. Ina sahihi tatu, na ya tatu ni yangu, kwa hiyo nadhani nina theluthi ya haki ya kuiharibu. Wewe unayesoma, kama ni mtu wa Gairo na unawafahamu, mpakie mmoja na mfuate mwingine, uwalete wote kwa pamoja. Usiwaambie wanaitiwa nini. Duka nalifungua saa moja asubuhi, na kiberiti kipo.