Ridhaa ya Mzazi ni Amana

Watafiti wanapokuja shuleni kuwauliza vijana juu ya ulevi, zinaa na maradhi, wapate kujua la kuwakinga, mzazi huletewa karatasi atie saini. Je, saini ile ni ridhaa? Mara nyingi ni haya tu mbele ya mwalimu mkuu.

Hapa Morogoro tunao mfano. Miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, ili udongo usichukuliwe na mvua. Nia haikuwa mbaya, lakini wenye ardhi hawakushauriwa, na ardhi ya Waluguru ni ya ukoo wa mama. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo, na mpango ukavunjika.

Basi amtakaye mtoto wa Mluguru amwendee na mjomba wake. Aketi, aulizwe, na akikataliwa asinune.

Wala sisemi tuwafungie mlango. Vijijini Mwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana zaidi ya 9,000 waliingia katika utafiti wa MEMA kwa Vijana. Ikaonekana kuwa mafunzo yaliwazidishia ujuzi, lakini hayakupunguza maambukizo ya UKIMWI. Jibu chungu! Lakini lau wangalikataa, tungaliendelea kujidanganya.

Na jibu hilo ni la nani? Aliyechukua siri ya mwanangu amechukua amana. Narejee kijijini alisome jibu mbele ya waliomjibu, hata kama linamtia aibu yeye. Wengi hawarejei, kisha hushangaa mwaka wa pili wakikuta milango imefungwa.