Mkono Umechagua, Kipimo Kinasemaje?

Bobby Jones, Mmarekani aliyetwaa mataji yote manne makubwa ya gofu ya enzi zake mwaka 1930, alichagua fimbo zake za mpini wa mti wa hickory kwa kuzishika na kuzipunga tu. Husimuliwa kwamba zilipopimwa baadaye, karibu zote zililingana uzito wa mpungo, yaani jinsi kichwa kinavyohisiwa kizito fimbo inapopungwa. Moja tu ilikwenda kombo, nayo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua.

Mkono, basi, unajua mengi. Lakini hata mkono wa Jones ulihisi tatizo bila kulitaja, na wengi wetu hatuna mkono wa Jones.

Hapo ndipo kipimo husaidia. Chukua pembe kati ya mpini na kichwa cha fimbo. Fundi wa kupima fimbo hubandika utepe chini ya kichwa, nawe unapiga mpira juu ya ubao mgumu. Alama ikibaki upande wa kisigino, yaani karibu na mpini, ncha imeinuka, na mpira wa anayetumia mkono wa kulia utavutwa kushoto hata akiupiga vizuri. Mtu huyo atahangaika na miguu, mabega, hata abadilishe mwalimu, kumbe chuma kinahitaji kupindwa digrii mbili tu. Inauma kumwona akijilaumu.

Hata hivyo, fundi akimaliza vipimo vyake, pamoja na rada inayofuatilia mpira, usilipe kwanza. Piga mipira mpaka mwili uanze kuchoka, maana hapo ndipo fimbo nzito hujitaja. Mkono ukiikataa, sema wazi. Fundi mwema atabadilisha mpini au kishikio, kisha mtapima upya.