Kiungo Anapohama

Aliyempa mchezaji wa katikati jina la kiungo alikuwa mtu wa busara. Kiungo cha mwili ni pale mfupa unapokutana na mfupa mwenzake, na kiungo cha mchuzi ni kile kidogo kinachoufanya uliwe kwa hamu. Timu yenye walinzi hodari na washambuliaji wakali, lakini haina kiungo, ni kama mtu mwenye mapaja na miundi asiyekuwa na magoti. Ndiyo maana dirisha la usajili linapokaribia kufungwa, redio zetu hazizungumzi jambo jingine. Fulani anatafutwa, fulani ameonekana uwanja wa ndege, fulani ametia saini usiku. Hata huku Ikola, mwambao wa Ziwa Tanganyika, wazee wenzangu ambao miguu yao haijagusa mpira kwa miaka arobaini hubishana juu ya viungo hadi chai inapoa.

Swali langu si la ufundi, maana wenye ufundi wapo. Nauliza hivi: mchezaji anapohama, humkosea nani?

Nilisomea ualimu chuoni, nikawa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na katika michezo ya shule za msingi, ile UMITASHUMTA, adui yetu mkubwa alikuwa mamluki. Ungeona timu imejipanga, na katikati yao amesimama kijana mwenye ndevu, eti yuko darasa la sita! Tulipiga kelele, tukadai daftari la mahudhurio, na wakati mwingine mchezo ulivunjika. Tulikuwa na haki, maana shule huchezewa na watoto wake. Lakini naona wengi wetu tulilichukua wazo hilo la shuleni tukalipeleka mahali lisipofaa. Tukadhani kila mchezaji ana kwao, na akitoka kwao amekuwa mamluki au msaliti.

Hebu tazama timu zenyewe tunazozishabikia. Katika miaka ya karibuni pale katikati ya uwanja Yanga imekuwa na Khalid Aucho wa Uganda na Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso. Simba ilijengwa kwa muda mrefu juu ya miguu ya Clatous Chama wa Zambia. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa Jangwani au Msimbazi. Walikuja kwa mapatano, wakacheza kwa mapatano. Kwa hiyo mambo ya kuzaliwa na kukulia hayapo hapo. Lililopo ni neno la mtu na neno la klabu, limeandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini.

Basi tuliangalie neno hilo. Ninayo mifano miwili ambayo msomaji anaijua.

Wa kwanza ni Feisal Salum, yule kijana wa Zanzibar anayeitwa Fei Toto. Alijiunga na Yanga mwaka 2018, akawa kiungo wa kupendwa. Mkataba wake ulikuwa wa kufika mwisho wa Mei 2024. Mwezi wa Disemba 2022, dirisha dogo likiwa wazi, alitangaza kwamba anaondoka, na zikaingizwa katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, kwa maelezo kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuuvunja mkataba. Klabu ikazikataa fedha. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na mwezi wa Machi maombi yake ya kutaka uamuzi huo uangaliwe upya yakagonga mwamba. Yeye hakurudi uwanjani. Yanga, katika dirisha hilo hilo, ilimsajili Mudathir Yahya, naye ni kiungo na ni Mzanzibari, ikaendelea na safari yake hadi fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger. Fei Toto hakuwamo. Tarehe 5 Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoialika timu Ikulu, aliwaomba viongozi wa klabu walimalize jambo lile. Siku chache baadaye kijana akawa mchezaji wa Azam, kwa mapatano ya vilabu viwili, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 katika ligi.

Wa pili ni huyo Chama. Alicheza Simba tangu 2018, akauzwa Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarudi Simba mwanzoni mwa 2022. Mkataba wake ulipokwisha katikati ya mwaka 2024, akavuka barabara na kuingia Yanga.

Sasa nisikilize vizuri. Fei Toto aliondoka kabla ya siku yake. Chama aliondoka baada ya siku yake. Mmoja alikuwa na deni la miezi kumi na saba, mwingine hakuwa na deni hata la siku moja. Lakini maneno waliyopewa vijiweni yalikuwa yale yale, usaliti na tamaa na kukosa shukrani. Hasira yetu haikujua kutofautisha. Hilo ndilo lililonishughulisha akili, kwa sababu hukumu isiyotofautisha mdaiwa na asiyedaiwa si hukumu, ni uchungu tu wa mtu aliyeachwa. Na uchungu si kosa. Nami niliupata, sitasema kwa ajili ya yupi kati ya hao wawili. Lakini tusiuite haki.

Mapenzi yetu kwa mchezaji ni zawadi tuliyompa sisi wenyewe. Hakutuomba, wala hakuweka saini kwamba atayalipa. Alichoahidi ni kazi yake kwa muda uliotajwa. Akiifanya kwa moyo hadi siku ya mwisho, amemaliza. Tena angalia upande wa pili: klabu inapomwacha mchezaji hutoa tangazo lenye picha yake na neno la asante, na watu husoma na kuendelea na shughuli zao. Sijapata kusikia kijiweni mtu akiiita klabu msaliti kwa sababu imemwacha kiungo aliyeumia goti.

Mambo haya yana historia. Kule Ubelgiji alikuwapo kiungo mmoja, Jean-Marc Bosman. Mwaka 1990 mkataba wake na klabu ya Liège ulikwisha. Klabu ikampa mkataba mpya wa mshahara uliopunguzwa sana, na alipotaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, uhamisho ukakwama kwa sababu ya malipo aliyodaiwa ingawa mkataba haukuwapo tena. Yaani muda umekwisha, na mtu bado ni mali. Alishtaki, akazungushwa miaka mitano, hadi tarehe 15 Disemba 1995 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikasema mchezaji aliyemaliza mkataba yu huru kwenda. Wachezaji wengi wametajirika kwa hukumu hiyo. Yeye mwenyewe aliipata umri wa kucheza umeshampita, na maisha yake ya baadaye hayakuwa mepesi.

Kwa hiyo upande wa baada ya mkataba, mimi sina shaka. Shaka yangu iko upande wa kabla. Je, mtu aliyetia saini anaweza kuondoka kwa kuweka fedha mezani?

Sisi wa ziwani tunalifahamu swali hili bila kwenda Dar es Salaam. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa haina kazi mwezi mpevu unapong'aa. Hivyo kila mwezi ziko siku ambazo vyombo hupumzika ufukweni, nyavu hushonwa, na hesabu hufanywa. Siku hizo ndizo dirisha la usajili la huku kwetu. Mwenye chombo ambaye mvuvi wake hodari ameondoka humtafuta mwingine kabla giza halijarudi, na ili asimpoteze humtangulizia fedha kidogo. Mvuvi akinunua unga kwa fedha hiyo, amekuwa wa chombo kile kwa giza lile. Sasa ikiwa jioni ya kuondoka atatokea mwenye chombo mwingine na kumwambia, mrudishie fedha zake, mimi nakupa mara mbili, je, akizirudisha amekuwa huru?

Wengi watasema ndiyo, fedha si amerudisha? Mimi nasema hapana. Mwenye chombo wa kwanza hakununua fedha zake mwenyewe. Alinunua uhakika. Kwa sababu ya neno la mvuvi huyo aliacha kumtafuta mwingine, na sasa jua limezama na wenzake wanne wamekaa ufukweni bila mtu wa kushika upande wa wavu. Kurudisha fedha kunalipa fedha tu. Kwa hiyo katika jambo la Fei Toto naiona kamati ilikuwa na hoja. Kama mkataba hautaji bei ya kutokea, bei hiyo hutajwa na wote wawili wakiwa wamekaa, hairushwi kwa dirisha. Na mwisho wake ulishuhudia hivyo, maana kilichomtoa si zile milioni 112, ni mazungumzo.

Hata hivyo hoja hiyo ina sharti lake, na hapa wakubwa wa mpira hawapendi kukaa muda mrefu. Neno humfunga mtu aliyelijua alipolitoa. Saini nyingi za vijana hutolewa saa za mwisho, dirisha likiwa linafungwa usiku ule ule, mbele ya mtu aliyevaa vizuri anayetazama saa yake. Haraka hiyo haimdhuru mwenye mwanasheria. Humdhuru yule asiyekuwa na mtu.

Kijana mmoja wa huku kwetu, kiungo mzuri, mwembamba, mwenye kuuona mpira kabla haujamfikia, aliletewa mkataba na klabu ya ligi za chini ambayo sitaitaja. Alikuja kwangu na baba yake jioni. "Shikamoo mwalimu," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa tatu, miaka miwili. Mahali pa mshahara palikuwa na namba iliyoandikwa kwa kalamu. Nikawaeleza kila kifungu, nikawaambia waombe nakala ya Kiswahili na siku mbili za kufikiri. Aliyeuleta akasema siku mbili hazipo, dirisha linafungwa kesho. Kijana akatia saini. Angefanya nini? Mvuvi haachi samaki kwa sababu ngalawa ina tundu.

Alicheza vizuri. Mshahara ukaja miezi minne, kisha ukakoma. Mwezi wa tatu wa kukosa, klabu nyingine, kubwa kuliko ile, ikamtafuta, nayo ilikuwa na haraka kwa sababu kiungo wao ameumia na dirisha limebakiza wiki tatu. Akanipigia simu. Hakuniuliza habari za sheria, kwa maana hiyo wangempa wengine. Aliuliza, "Mwalimu, nikiondoka usiku huu nitakuwa mwizi?"

Nikamwambia hatakuwa mwizi, maana waliolivunja neno kwanza ni wao. Lakini nikamwambia pia aondoke mchana. Kanuni za FIFA zinatoa njia: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aidai klabu kwa maandishi na kuipa siku 15, na wasipolipa ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Tukaiandika barua pamoja kwa simu, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Aliipeleka mwenyewe, akabaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Siku ya 14 wakamlipa miezi miwili. Ukabaki mmoja, na mmoja hautoshi. Alikuwa amefungwa tena, kihalali kabisa. Ile klabu kubwa haikungoja, ilimchukua kiungo mwingine siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Baba yake alinifuata sokoni. Hakupaza sauti, maana ni mtu mwenye adabu. Alisema, "Mwalimu, wewe ulitufundishia watoto, nasi tunakuheshimu. Lakini ahadi hailiwi." Kisha akanunua migebuka yake akaondoka.

Nimelifikiri neno lake siku nyingi. Ni kweli hailiwi. Na ni kweli kwamba mimi, mwenye pensheni yangu, sikupoteza chochote kwa ushauri ule, na mwanawe alipoteza mshahara ambao labda ungejenga nyumba. Lakini kama ningeulizwa tena kesho ningesema yale yale, na sababu si kwamba klabu ile ilistahili. Haikustahili. Ni kwamba kijana aliponiuliza kama atakuwa mwizi, alikuwa akiulizia kitu chake mwenyewe, na kitu hicho hakikuwa cha klabu wala changu kukigawa.

Mkataba wake unakwisha mwezi wa Juni. Amekuja likizo, anavua na mjomba wake, na jioni hucheza pale uwanjani karibu na ufuko, katikati, akiwagawia wenzake mipira ambayo wengine hawaitarajii. Juzi alipita nyumbani na simu ya mtu fulani anayetaka kumsajili. Nimemwambia mtu huyo aje na karatasi ya Kiswahili, na aje mapema.