Kijiti Kisichoombwa

Leo tunataka kuchungua swali ambalo laonekana dogo. Mtu akikata kijiti katika mti wa maua usio wake, akakipanda kwake, na mwenye mti asipungukiwe na kitu, je, ameiba?

Swali hili si la mchezo. Katika Texas, huko Marekani, tangu miaka ya 1980 wako watu wanaozunguka vijijini wakitafuta maua ya zamani, yale tunayoyaita roza, na ambayo watu wa pwani huyaita mawaridi. Wamejipa jina la mzaha, Rose Rustlers, maana yake wezi wa roza, kwa kufananisha na wezi wa ng'ombe wa nchi ile. Wanatazama penye nyumba zilizohamwa, kando ya njia, na hasa makaburini. Maana watu wa kale walipanda roza juu ya wafu wao. Kisha wajukuu wakahama, roza ikabaki peke yake bila mtunzaji, wala haikufa.

Kwa nini wanahangaika hivi? Mwaka wa 1867 Mfaransa mmoja wa mji wa Lyon, Jean-Baptiste Guillot, alitoa roza mpya iitwayo 'La France'. Wenye elimu ya maua wameufanya mwaka ule kuwa mpaka: jamii za roza zilizokuwako mbele yake huitwa roza za zamani. Baadaye watu walipenda zaidi aina mpya, na nyingi za zamani, zenye harufu nzuri na nguvu ya kuvumilia, zikaachwa. Nyingine zilibaki mahali pachache tu. Mti wa mwisho ukifyekwa, aina ile imekwisha. Na mbegu haiwezi kuirudisha, kwa kuwa mche wa mbegu ya roza haufanani kabisa na mama yake. Kijiti tu, au jicho lake, ndicho kinachotoa mti uleule.

Jambo hili sisi tunalielewa bila mwalimu. Muhogo wetu nao tunaupanda kwa kijiti. Hakuna shamba la muhogo kijijini ambalo halikutoka katika shamba la mtu mwingine.

Basi mtu atasema: «Hakuna wizi hapa. Mwizi wa mbuzi ananiacha bila mbuzi. Mwenye kukata kijiti ananiachia mti wangu. Ni kama kuomba kaa la moto kwa jirani: moto wake haupungui.» Maneno haya yana nguvu. Lakini tutazame vema: mfano wenyewe wasema *kuomba* kaa la moto. Nani huingia jikoni mwa jirani usiku, akachukua moto kimya kimya?

Hapa yatupasa kukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa kijana seminarini, palikuwa na roza nyekundu mbele ya nyumba ya mapadri. Tulitamani kuipanda juu ya kaburi la mama aliyetuzaa. Tukaona haya kuomba. Usiku wa kuamkia likizo tukakata tawi, bichi kabisa, likiwa na ua lake, tukalifunga katika nguo. Tulipofika nyumbani tukalipanda. Siku ya nane lilikuwa limekauka.

Miaka ikapita, tukamwungamia mzee mtunza bustani. Hakukasirika. Akasema: «Mwanangu, mbona hukuniomba? Ningekuchagulia tawi lililokwisha kuchanua, nene kama kalamu, urefu wa shubiri moja. Ningekuonyesha kulikata chini ya kifundo, kuondoa ua na majani ya chini, kulifunga katika karatasi yenye maji, na kulipanda kivulini.» Tukamwuliza kama anaweza kutupa sasa. Akainamisha kichwa. Mti ule uling'olewa siku ya kujenga ukuta. «Na mimi nina kosa,» akasema. «Nilikuwa nikingoja niombwe. Sikumpa mtu hata kijiti kimoja.»

Neno la mzee lilitufundisha kuliko vitabu vingi. Yule asiyeomba anapata kijiti peke yake. Maarifa yanabaki kwa mwenye mti. Na jina linabaki vilevile. Katika Texas na jirani zake roza nyingi zilizookotwa hazijulikani jina lao la kwanza, maana waliolijua walikufa. William Welch, mwalimu wa kilimo cha bustani, aliikuta roza moja kwa nyanya wa mke wake katika Louisiana. Ikaitwa 'Maggie', kwa jina la yule nyanya. Hivyo hata jina lilipopotea, waliheshimu mkono uliotunza.

Mtu atauliza tena: «Kaburini tumwombe nani? Mwenyewe amekufa.» Tunajibu: wako wazao wake, yuko mlinzi wa makaburi, iko parokia. Wenye busara kati ya wale watafutaji hushika desturi: huomba ruhusa, hukata vijiti vichache tu, wala hawang'oi mti. Maana aliyeng'oa mti hakuokoa kitu. Amewanyang'anya wafu na walio hai pia.

Tena tusisahau kazi ya mtu. Mwaka wa 1930 Marekani iliweka sheria ya kumlinda aliyevumbua mmea mpya, na hati ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1931 kwa roza iitwayo 'New Dawn'. Kwa miaka iliyowekwa na sheria, wengine hawana ruhusa kuuzidisha mmea kama huo bila kibali chake. Hiyo ni haki: mfanyakazi apate ujira wake. Lakini roza za zamani hazina mdai wa namna hiyo. Zimetufikia kwa mikono ya watu waliopeana bure.

Na mwenye mti je? Anayo haki ya kukataa, lakini haki si neno la mwisho. Aliyenacho kitu kisichopungua kwa kugawiwa, akamnyima jirani, ajiulize anakilinda kwa ajili ya nani. Kesho moto, ukuta au mchwa vitakuja. Kijiti ulichompa jirani ndicho akiba yako, kwa maana wako ukifa, utarudi kwake kuomba. Lakini upe kilicho kizima: wakulima wa muhogo wanajua kwamba ugonjwa wa majani ya madoadoa husafiri ndani ya kijiti, hata kama mtoaji ana moyo mwema.

Basi jibu letu ni hili. Kukata bila kuomba penye mtu wa kuombwa ni kosa, hata kama mti haukupungua. Na kungoja kuombwa mpaka mti ufe ni upungufu pia. Tuombe mchana, tutoe mapema, pamoja na jina na maarifa.

Juu ya kaburi la mama hakuna roza mpaka leo. Lakini katika ua wetu ipo nyingine, ya rangi nyeupe, tuliyopewa na mjane mmoja wa parokia. Kila mwaka tunakata vijiti sita, na kila anayechukua tunamwambia jina la mjane yule.