Muda Anaostahili Mwalimu wa Mpira

Mtu afundishaye timu ya mpira ana majina mawili katika Kiswahili cha Tanzania. Huitwa kocha, na huitwa mwalimu. Jina la kwanza ni la kazi. La pili ni la heshima. Mwalimu wa shule hapimwi kwa jibu la mtoto mmoja katika asubuhi moja. Hupewa mwaka, na aghalabu miaka, ndipo mtihani useme alilolifanya. Mwalimu wa mpira amepewa jina hilohilo, lakini hakupewa muda huohuo. Kila mwisho wa juma hutiwa katika mizani, na mizani ikimwinamia vibaya mara mbili au tatu, virago vyake hufungwa. Yafaa kuuliza mtu huyu anastahili muda gani, na kwa haki ipi.

Mifano haiko mbali. Mwezi wa Januari 2023 klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilimpokea Roberto Oliveira wa Brazil, ajulikanaye zaidi kwa jina la Robertinho. Mwezi wa Aprili timu yake ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikatolewa na Wydad ya Morocco kwa mikwaju ya penalti. Tarehe 5 Novemba ilifungwa na Yanga mabao matano kwa moja. Siku mbili baadaye mwalimu hakuwa na kazi. Akaletwa Abdelhak Benchikha wa Algeria, ambaye mwaka huohuo alikuwa ameipatia USM Alger Kombe la Shirikisho mbele ya Yanga hiyohiyo. Naye aliondoka Aprili 2024, kwa sababu za kifamilia.

Wala kutodumu si tendo la mwajiri peke yake. Tarehe 6 Januari 2021 Sven Vandenbroeck wa Ubelgiji aliiongoza Simba kuifunga FC Platinum ya Zimbabwe mabao manne kwa bila, timu ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Kesho yake ilitangazwa kwamba ameagana na klabu, na haukupita muda mrefu akawa mwalimu wa timu ya AS FAR huko Morocco. Mashabiki walilala na furaha, wakaamka na ukiwa. Klabu humwacha mwalimu anaposhindwa; mwalimu huiacha klabu anaposhinda. Pande zote mbili hutia sahihi ya miaka, na pande zote mbili huhesabu siku.

Wateteao subira wana shahidi wao mkubwa. Alex Ferguson alifika Manchester United Novemba 1986. Kombe lake la kwanza pale alilipata mwaka 1990, na ubingwa wa ligi mwaka 1993. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ametwaa ubingwa huo mara 13. Husemwa basi: kama angalifukuzwa mwaka 1989, hayo yote yasingalikuwa. Mvumilivu hula mbivu.

Shahidi huyo ni wa kweli, lakini ushahidi wake haujatosha. Anayekumbukwa ni yule mmoja ambaye subira ilimlipa. Klabu zilizomvumilia mwalimu dhaifu mpaka zikashuka daraja hazitajwi, kwa kuwa hakuna asimuliaye habari za shamba lisilozaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo ni hekima ya wazee walewale.

Tena kuna mfano ulio mgumu zaidi. Katika msimu wa 2024/25 Yanga ilikuwa na walimu watatu. Miguel Gamondi wa Argentina, aliyeipa ubingwa msimu uliotangulia, aliondolewa Novemba 2024 baada ya kufungwa na Azam na kisha na Tabora United. Sead Ramovic akashika nafasi yake, akaondoka Februari 2025. Miloud Hamdi akamaliza msimu. Na Yanga ikawa bingwa. Walimu watatu, kombe moja! Yamkini atasema mtu kwamba Hamdi alivuna alichopanda Gamondi, na Gamondi alivuna alichopanda Nasreddine Nabi kabla yake. Huenda ni kweli. Lakini viongozi waliobadilisha walimu watajibu kwamba kikombe kimo kabatini, na jibu hilo si rahisi kulibatilisha.

Hapa ndipo hoja ya subira inapopaswa kuchagua msingi wake. Ikisimama juu ya faida, itaanguka siku ambayo haraka italeta faida. Mtu asemaye, "Mvumilieni mwalimu kwa sababu mtashinda," amekwisha kukubali kwamba asiposhinda hana haki. Amemtetea kwa upanga utakaomkata. Lazima ipatikane sababu nyingine, ambayo ushindi hauiongezi na kushindwa hakuipunguzi.

Sababu hiyo haikuzaliwa uwanjani. Ipo katika kazi za kale za mikono, na mfano wake mwema waweza kuonekana Uru, katika miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Katika kihamba cha Mchagga, kahawa hukua chini ya kivuli cha migomba, na maji huletwa kwa mfereji wa kuchimba uitwao mfongo. Mche wa kahawa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Hakuna mwenye akili awezaye kuung'oa mwaka wa kwanza kwa kosa la kutozaa. Ung'oaji huo si hukumu, ni ujinga wa majira. Lakini mfongo una sheria nyingine. Siku ya kuusafisha ikitangazwa, watumiaji wote hutoka na majembe, na asiyetoka hutozwa. Haambiwi, "Tutakungoja miaka minne tuone tabia yako." Tope la leo huziba maji ya leo.

Katika kihamba kimoja, basi, zimo hukumu mbili, na kila moja ina wakati wake. Matunda huhukumiwa kwa majira ya mti. Wajibu huhukumiwa kwa siku yake. Mwalimu wa mpira ana kahawa yake, nayo ni timu inayoelewana na vijana wanaokomaa. Ana mfongo wake pia: kufika mazoezini, kusema kweli, kutompendelea mtu, kutomdhalilisha mchezaji. Akiuacha mfongo wake uzibe, aondolewe hata katika mwezi wa kwanza, na hajadhulumiwa. Lakini akiwa ametimiza kila wajibu, na akafukuzwa kwa kuwa mti wa miezi mitano haujazaa, amedhulumiwa, hata kama mrithi wake atatwaa kombe. Ushindi wa kesho hauwezi kuilipa ahadi iliyovunjwa leo.

Itaulizwa kwa nini dhuluma hii huvumiliwa kwa wepesi. Sababu ni kwamba inafaa kwa kafara. Timu ikifungwa, wenye hatia ni wengi: aliyesajili mchezaji mbaya, aliyechelewesha mishahara, aliyekosa bao, na pengine bahati. Hasira ya umma hutaka mtu mmoja, na mwalimu ndiye aliye karibu, mara nyingi mgeni asiye na ukoo mjini. Kumwondoa hutuliza kelele bila kusafisha tope.

Moshi nayo imeuonja uchungu wa kushuka. Timu ya Polisi Tanzania ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2019/20, ikiutumia Uwanja wa Ushirika, hata ikashuka mwisho wa msimu wa 2022/23. Katika msimu huo wa mwisho zaidi ya mwalimu mmoja alisimama kando ya uwanja, na mabadiliko hayakuiokoa. Kwa kijana wa Uru aliyekuwa akiteremka kutazama, hasara ilikuwa zaidi ya ligi iliyoondoka mjini. Kijana hujifunza mpira kwa kutazama wachezaji, lakini hujifunza thamani ya neno la mtu mzima kwa kutazama wenye mamlaka. Akiona mwalimu anaahidiwa miaka miwili na kupewa miezi minne, ataamini kwamba mkataba ni salamu tu.

Yafaa basi klabu, kabla ya kutia sahihi, iseme wazi ni kipi itakachokihukumu kila juma na ni kipi itakachokingoja, na hadi lini. Muda huo ukifika na mti haukuzaa, mwalimu na aage kwa heshima. Hatakuwa na la kulalamikia. Na klabu isiyoweza kungoja hata majira iliyoyataja yenyewe imwite mtu wake kibarua, kisha ilirudishe jina la mwalimu kwa wenyewe.