Kipimo Kilichogeuzwa Hukumu

Mwaka 1980 Gordon Waddell, daktari bingwa wa mifupa kutoka Scotland, alichapisha pamoja na wenzake vipimo vya mkono kwa wagonjwa wa maumivu ya kiuno. Mgonjwa amesimama, daktari anaweka kiganja utosini na kukandamiza kidogo tu, mkandamizo ambao kwa kawaida hauumizi kiuno. Akilalamikia kiuno, daktari anaandika. Kisha anamlaza chali na kuuinua mguu ulionyooka: mgonjwa anaguta. Baadaye mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda, daktari anaunyoosha mguu uleule kana kwamba anautazama unyayo, na safari hii mgonjwa hasemi kitu.

Dalili hizo zilipangwa katika makundi matano. Yakionekana matatu au zaidi, Waddell alitaka tujue kwamba pengine maumivu ya mtu huyu yameambatana na hofu na dhiki, hivyo aangaliwe na upande huo pia.

Lakini penye madai ya fidia na bima, vipimo hivyo viligeuzwa mtego wa kuwanasa waongo. Mtu aliyeumia kazini akaonekana anasingizia, na haki yake ikaingia mashakani.

Tahadhari zilikuwepo tangu mwanzo, ndugu msomaji, na hilo ndilo linalonisikitisha. Waddell alikuwa ameonya kwamba dalili moja peke yake isipewe uzito. Ganzi au udhaifu wa mguu mzima, ambao ni miongoni mwa dalili zake, unaweza pia kutokana na mishipa kadhaa ya fahamu kubanwa kweli. Mwaka 1998 ilibidi yeye na mwenzake Chris Main waandike upya kufafanua kuwa vipimo hivi havipimi ukweli wa mtu. Bado wapo waliosoma alama bila kusoma maelezo.

Sisi tunaopima viuno kila siku tunaweza kuteleza hapohapo, hasa foleni ikiwa ndefu na mgonjwa akiwa mlalamishi. Tusiandike "anazidisha" kabla ya kumuuliza: mkojo unatoka vizuri? Unahisi ganzi sehemu za siri? Miguu inalegea? Ikiwa tatizo mojawapo kati ya haya limeanza karibuni, apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye upasuaji, hata kama dalili za makundi yote matano zimeonekana.